Belghamu na Kinu cha Bibi

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na haja ya kujua mtoto amekohoa mara ngapi usiku. Aliuliza neno moja tu: "Yametoka?" Alikusudia makohozi. Ukimwambia hayajatoka, alirudi jikoni. Ukimwambia yametoka, alitaka kuyaona.

Nilikulia kwake Mwembetanga, Ng'ambo, katika mji wa Zanzibar. Kipupwe kikiingia mwezi wa Juni, kusi ikavuma na mikeka ikashika baridi, nilikuwa nikiamshwa na mchi. Kinu chenyewe kilikuwa kidogo, cha mti, kimeingia weusi ndani kwa miaka ya viungo, na hata kikioshwa na kuanikwa juani kilinukia karafuu. Alitwanga tangawizi mbichi ya urefu wa kidole gumba, karafuu 7, pilipili manga chembe chache, na habasoda ya kushika kwa ncha za vidole vitatu. Akavitia kwenye sufuria na vikombe viwili vya maji juu ya seredani, vikachemka mpaka kikabaki kikombe kimoja. Alichuja kwa kipande cha kanga kilichochakaa. Hapo alingoja. Alitia kidole, akangoja tena, na kidole kilipostahimili ndipo alipoongeza asali na kukamua ndimu. Asali kwake haikupata kuchemshwa.

Kando ya mgonjwa kulikuwa na kopo la maziwa lenye majivu ndani. Asubuhi Bibi alilipeleka mlangoni penye mwanga, akaliinamisha na kutazama. Makohozi meupe na mepesi: baridi bado imo kifuani. Yakiwa mazito na ya manjano alisema belghamu inaiva. Damu hata uzi mmoja: mchukueni spitali. Nilidhani haya ni maarifa yake mwenyewe, au ya mama yake kule Makunduchi. Miaka mingi baadaye, nikiwa muuguzi, ndipo nilipofahamu kwamba bibi yangu, ambaye hakuwahi kuingia skuli, alikuwa akizungumza lugha ya matabibu wa Baghdad.

Neno lenyewe ndilo ushahidi. Belghamu tumelichukua kwa Waarabu, wanaosema balgham, na Waarabu walilichukua kwa Wayunani, waliosema phlegma. Wayunani waliamini mwili umejengwa kwa vimiminiko vinne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na huo ute baridi wenye majimaji. Karne ya 9, huko Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walivifasiri vitabu vya Galen, tabibu wa Kiyunani, kwa Kisiria na Kiarabu, na mnamo mwaka 1025 Ibn Sina alimaliza Kanuni yake ya utabibu, iliyosomwa kwa karne nyingi kuanzia Asia mpaka Ulaya. Katika elimu hiyo belghamu ni baridi na mbichi, na kazi ya tabibu ni kuipasha moto mpaka iive, kisha kuisaidia itoke. Kuiva, kama alivyosema Bibi juu ya lile kopo. Elimu hiyo ilifika pwani yetu pamoja na wafanyabiashara, masharifu na walimu wa vyuoni, ikaingia majikoni, na huko ikabaki baada ya vitabu kusahauliwa. Ndiyo maana mwenye kikohozi kwetu alikatazwa dafu na maji ya mtungi. Ndiyo maana kila kitu kilichoingia kile kinu kilikuwa kikali.

Na karibu kila kimoja kilikuwa kimevuka bahari. Tangawizi ina shahidi wa zamani sana: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikirimiwa wali wa samli, na pembeni akawekewa ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Pilipili manga asili yake ni pwani ya Malabar huko India, lakini jina letu linasema Manga, yaani Arabuni, kwa sababu wazee waliipokea kutoka kwa mabaharia wa huko waliokuja na kaskazi. Jina limehifadhi mkono ulioileta na kuisahau nchi iliyoiotesha. Habasoda ni habbat as-sawda, punje nyeusi, na ilikuja na heshima kubwa, kwani hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari inaitaja kuwa ni ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Bibi alipoishika kwa vidole vitatu alitamka bismillahi. Kwenye tangawizi sikumsikia akiitamka kwa sauti.

Karafuu tunaiona yetu kuliko vyote, na ndiyo iliyochelewa kuliko vyote. Kwao ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliilinda kwa ukali ili isipandwe kwingine. Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kupata miche yake na kuipeleka Morisi mwaka 1770, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Sayyid Said aliihimiza kwa nguvu, na inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Kazi ya kufyeka, kupanda na kuchuma ilifanywa na watumwa, na sioni namna ya kusimulia dawa hii bila kuwataja. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Kwa hiyo zile karafuu 7 za Bibi, ambazo kwangu zilikuwa dawa ya tangu na tangu, hazikuwa na umri mkubwa sana katika kinu cha Mswahili. Bibi wa bibi yake huenda aliziona zikiwa kitu kigeni.

Asali peke yake ilitoka upande wa pili, bara. Bibi aliinunua kwa mtu aliyeitoa Tabora, nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi wa mzinga, na alikataa katakata ile nyepesi ya rangi ya dhahabu iliyouzwa chupani. Chembe za nta zikielea juu ndipo alipoiamini.

Dawa za kikombe hazikuwa peke yake mjini. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi watu wa jumba la mfalme walivyopigwa chuku na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. Mwaka uliofuata, 1887, mfanyabiashara Tharia Topan aliwekesha jiwe la msingi la jengo la tiba pale Mizingani, lile lenye veranda za mbao zilizonakshiwa ambalo watalii hawaachi kulipiga picha. Alifariki mwaka 1891 jengo halijaisha, likakamilika mwaka 1894. Dawa za chupa zikawa na mlango wao mjini. Lakini kwa watu wa Ng'ambo mlango ule ulikuwa mbali kuliko hatua zake, na kinu kilikuwa karibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bidhaa za nje ziliadimika Zanzibar, na nakumbuka foleni za mchele na sukari. Habasoda ikatoweka kabisa nyumbani kwetu. Asali nayo ikawa ya kutafutwa kwa nadhiri. Bibi akaendelea na tangawizi, karafuu na ndimu peke yake, kisha akawa anatukanda vifua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Tulikohoa tukapona. Naliweka jambo hili mbele kwa makusudi, kwa kuwa linasema neno ambalo wapenzi wa dawa za asili hatupendi kulisikia: kikohozi cha mafua huondoka chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili au tatu, na dawa yoyote uliyokunywa siku ya kumi itapewa sifa.

Kwa sababu hiyo swali la kuuliza ni hili: je, aliyekunywa alipata nafuu kuliko asiyekunywa? Hilo haliwezi kujibiwa na kumbukumbu ya bibi wala ya muuguzi. Linahitaji watu wapangwe kwa kura, hawa wapewe, wale wasipewe.

Asali ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi. Mwaka 2007 Dakta Ian Paul na wenzake, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, walichukua watoto 105 wenye kikohozi cha usiku kilicholetwa na mafua. Wengine walipewa asali kabla ya kulala, wengine dawa ya kikohozi ya dukani, wengine hawakupewa kitu. Kipimo cha asali kilikuwa nusu kijiko cha chai kwa mtoto wa miaka 2 mpaka 5, kijiko kimoja kwa wa miaka 6 mpaka 11, viwili kwa wakubwa zaidi. Nilipokisoma kipimo hicho niliweka karatasi chini. Kilikuwa karibu sawa na kijiko cha Bibi. Wazazi waliwaona watoto wa asali wamelala vizuri kuliko wale wasiopewa kitu, ilhali dawa ya dukani haikuonyesha ushindi huo.

Mwaka 2012 wenzao wa Israeli waliwapima watoto 300 wa mwaka 1 mpaka 5, wakalinganisha asali za aina tatu na asali ya tende, ambayo kwa sura na utamu inashabihiana na asali ya nyuki. Watoto wote walipata nafuu, hata wa tende. Wa asali ya nyuki walipata zaidi. Hapo naona mambo mawili kwa pamoja: utamu na uzito wa kitu kinachoteremka kooni una kazi yake, na asali ina ziada kidogo juu ya hapo. Kisha mwaka 2018 Olabisi Oduwole wa Nigeria na wenzake walizikusanya tafiti 6 zenye watoto 899, wakaona kwamba asali yaelekea kupunguza kikohozi kuliko kutotumia kitu. Ni nafuu ya siku chache na ya kiasi. Tena tafiti hizo zilihusu kikohozi cha mafua kwa jumla, hazikuchagua kile chenye makohozi pekee. Lakini ni ushahidi wa kweli, na dawa nyingi za chupa ninazozijua zingeutamani.

Tangawizi ina ushahidi wa maabara. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba viini vyake vya ukali huilegeza misuli laini ya njia ya hewa ya binadamu, wakiipima nje ya mwili. Kimoja cha viini hivyo, shogaoli, huongezeka tangawizi ikikaushwa, ndiyo sababu tangawizi kavu huwasha zaidi. Kutoka kwenye kipande cha msuli maabarani mpaka kwenye kifua cha mtoto wa Mwembetanga, hata hivyo, safari ni ndefu na haijakamilishwa. Karafuu ina yujenoli, inayotia ganzi, na madaktari wa meno wameitumia muda mrefu. Kooni huenda inafanya hivyohivyo, lakini kwa kikohozi haijapimwa ipasavyo. Habasoda imejaribiwa kwa wagonjwa wa pumu. Huko Saudi Arabia, mwaka 2017, wagonjwa 80 walishiriki jaribio la wiki 4, na waliopewa mafuta yake waliidhibiti pumu yao vizuri kidogo. Pumu si kikohozi cha mafua, na mtu asiache dawa yake ya kuvuta kwa ajili ya punje.

Hata moto wa kikombe ulipimwa. Huko Cardiff, Wales, mwaka 2008, watu 30 wenye mafua walipewa kinywaji cha matunda, baadhi kikiwa cha moto na baadhi kikiwa na joto la kawaida la chumba. Kikohozi na mafua ya puani vilitulia kwa wote. Lakini koo kuuma, baridi mwilini na uchovu vilitulia kwa waliokunywa cha moto tu.

Kuna jani moja ambalo Bibi hakulijua, nami nalitaja kwa kuwa limefika mbali kuliko yote. Wahindi wanaliita vasaka, na waganga wa Ayurveda wamelitumia kwa vifua vyenye makohozi kwa karne nyingi. Ndani yake mna kiini kiitwacho vasisini. Wakemia wa Ujerumani waliunda dawa kwa kukifuata kiini hicho, ikaingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la bromheksini, ambayo kazi yake ni kuyalainisha makohozi ili yatoke. Nilipofundishwa jina hilo katika masomo ya uuguzi, mwalimu hakutaja jani. Niliandika daftarini: "hulegeza makohozi", nikakumbuka kopo la majivu. Kulegeza ili yatoke! Ilikuwa nia ileile. Kuna dawa za kuzima kikohozi na kuna dawa za kukisaidia, na kwa kifua kilichojaa, kukizima kunaweza kuwa ni kuufungia uchafu ndani. Hilo Bibi alilishika, japo maelezo yake ya baridi na moto hayakusimama.

Kwenye rangi alikosea nusu. Umanjano na ukijani wa makohozi hutokana na chembe nyeupe za damu zilizokuja kupambana, ambazo hubeba kimeng'enya chenye rangi hiyo. Ni dalili kwamba mapambano yapo. Peke yake haisemi ni ya virusi au ya bakteria, na haitoshi kumpa mtu antibayotiki, ingawa nimewaona watu wengi wakiidai kwa kunionyesha leso.

Kuna mambo ya desturi hii nisiyoweza kuyatetea. Nyungu ni la kwanza. Majani ya mpera, mchaichai, mlimau, na tangu mikaratusi ilipoletwa kutoka Australia, majani yake pia, huchemshwa, mtu akafunikwa blanketi juu ya mvuke. Wakati wa korona mwaka 2020 ilirudi kila nyumba. Mtu mzima anayejisikia vizuri baada yake simkatazi, ingawa tafiti za hewa ya moto yenye mvuke hazikuonyesha faida ya kutegemewa kwa mafua. Kwa mtoto nakataza. Nimemfunga bendeji mtoto wa miaka 3 aliyepiga teke chungu akiwa ndani ya blanketi, mapaja yote mawili, na mama yake amekaa sakafuni hataki kiti.

La pili ni kumlambisha asali mtoto asiyetimiza mwaka. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulinamu, ambazo tumbo la mkubwa huzishinda na la mchanga haliwezi. Sumu yake hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Ugonjwa huu kwa watoto wachanga ulitambuliwa California mwaka 1976, na wanawake wa kizazi cha Bibi hawakuwa na njia ya kuujua. Sisi tunayo.

La tatu ni kukata kimeo. Mtoto au mkubwa akikohoa muda mrefu, ilisemwa kimeo kimerefuka kinamtekenya koo, akapelekwa kwa fundi wa kukikata. Madaktari wa Tanganyika waliliandikia jambo hili tangu miaka ya 1960: kutokwa na damu nyingi, uchafu kuingia kidondani, na ugonjwa wenyewe kubaki palepale.

Mjomba wangu, mchukuzi bandarini, alikatwa kimeo. Kabla ya hapo alikuwa amekunywa kikombe cha Bibi miezi mitatu, asubuhi na jioni, na kila asubuhi Bibi alitazama kopo. Hakukuwa na uzi wa damu, kwa hiyo aliendelea kumtwangia. Damu ilipokuja ilitoka kwenye kidonda cha kimeo, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyeweza kujua ipi ni ya koo na ipi ni ya kifua. Alipofikishwa spitali mbavu zilihesabika. Ilikuwa kifua kikuu, ugonjwa ambao kijidudu chake Robert Koch alishakitangaza tangu 1882. Mjomba alitibiwa miezi mingi, akapona, lakini gunia hakubeba tena.

Bibi hakulizungumza. Ila tangu mwaka ule aliweka sheria mpya nyumbani. Kikohozi kikipita Ijumaa mbili, kinu kinawekwa chini na mtu anakwenda spitali, awe mtoto, awe mzee. Baadaye, katika kazi yangu, nikakuta mwongozo wa serikali nao unataja wiki mbili.

Mwaka 1996, katika kipupwe, akakohoa yeye. Nilitwanga mimi, kwa kinu kilekile, naye akinisimamia kutoka kitandani kwamba karafuu nimezidisha. Ijumaa ya kwanza ikapita. Ijumaa ya pili alfajiri, kabla hajasukutua wala kunywa chochote, nilimkalisha akiegemea mto, nikamshika mgongo, nikampa kikopo cha plastiki chenye mfuniko nilichotoka nacho kazini. Alikigeuza mkononi, akatafuta majivu ndani yake.

"Hakina majivu, Bibi. Watayatazama kwa darubini."

Alivuta pumzi mara mbili, kama nilivyomwelekeza, akakohoa kutoka chini kabisa ya kifua, akashusha.

"Yametoka?" akauliza, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia mtoto wa jicho.

Nikakiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Nikamwambia yametoka, rangi yake ni hii, na uzito wake ni huu, na damu hamna. Akataka nirudie tena rangi. Kisha nikakifunga, nikaandika jina lake ubavuni, nikakiviringisha kwa karatasi na kutoka nacho jua halijapanda.